Maisha ya Mzee Paul Panda Farnana, Mtoto wa Kongo Aliyepigania Ubelgiji



Katika namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu. Hapa Likasi ukitaja jina Panda, kila mtu anafikiri unasema juu ya komini ya Panda, kule kwenye mitambo ya zamani ya Union Minière. Hapana. Komini yetu haikupata jina kwake, na yeye hakuzaliwa Katanga. Alikuwa mtu wa Bas-Congo, karibu na bahari, mahali mto mkubwa unapomwagika. Lakini yaliyompata yanatuhusu sisi watu wa mji huu wa shaba, na mwisho wa habari hii mtaona kwa nini.

Tuliona vema kuandika kwa sababu ya maneno yaliyotokea katika kikundi cha vijana. Tulikuwa tunazungumza juu ya sikukuu ya 30 Juni, na kijana mmoja akasimama na kusema kwamba uhuru wa Kongo ulikuwa zawadi tu. Wabelgiji walichoka, wakatupa funguo, wakaenda kwao. Wengine walicheka, wengine wakakubali. Sisi mashemasi tulinyamaza siku ile, na kunyamaza kwetu kulitusumbua njiani wakati wa kurudi nyumbani. Basi jibu letu ndilo hili, hata kama limechelewa.

Paul Panda Farnana alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, karibu na Banana. Wakati ule nchi yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, na watu waliita serikali yake Bula Matari. Mwaka 1900, mtoto akiwa na miaka 12, afisa mmoja Mbelgiji jina lake Jules Derscheid alimchukua akavuka naye bahari mpaka Bruxelles. Huko alilelewa na dada ya afisa yule, Louise Derscheid, mwanamke asiyekuwa na ubaya naye, aliyemtuma masomoni pamoja na watoto wa Wazungu.

Ndugu msomaji, unajua habari za Musa, jinsi alivyolelewa katika nyumba ya Farao, akala chakula cha Farao, akajifunza hekima ya Misri, na bado ndani yake alibaki mtoto wa Waebrania. Kila tunaposoma juu ya miaka ya ujana wa Panda, tunamkumbuka Musa. Watu wa nyumba ile walimtendea vizuri. Lakini nje ya nyumba, nchi yake ilikuwa inapigwa fimbo kwa ajili ya mpira.

Alisoma vizuri sana. Aliingia shule ya mashamba na bustani ya Vilvoorde, akapata diploma mwaka 1907. Kisha akaenda Ufaransa, Nogent-sur-Marne, kujifunza kilimo cha nchi za joto. Mwaka 1908 Ubelgiji ulichukua Kongo mikononi mwa mfalme ikawa koloni la serikali, na mwaka 1909 serikali hiyo ilimwandika Panda kazi. Wakati huo Mwafrika wa Kongo mwenye masomo kama yale, mwenye kazi ya cheo kama Mzungu, alikuwa kitu kisichoonekana. Alitumwa Eala, kwenye bustani kubwa ya mimea karibu na Coquilhatville, mji tunaouita Mbandaka leo. Halafu akapewa kusimamia kituo cha Kalamu, huko Bas-Congo. Hatutakawia juu ya miaka hii. Inatosha kujua kwamba alirudi nchini mwake akiwa mtumishi wa serikali iliyotawala watu wake, na aliona kwa macho yake jinsi kazi ya lazima ilivyofanyika.

Mwaka 1914 Panda alikuwa likizoni Ubelgiji. Mwezi wa Agosti, Wajerumani waliingia nchi ile kwa nguvu. Koloneli Chaltin, mzee wa vita vya Kongo, alikusanya kikosi cha watu wa kujitolea, wale waliokuwa wamefanya kazi Kongo. Karibu wote walikuwa Wazungu. Panda akajiandikisha. Hakuna aliyemlazimisha. Pamoja naye walikuwamo Wakongomani wachache sana, mmojawapo Albert Kudjabo.

Walipelekwa kulinda mji wa Namur. Mji ule ulikuwa na ngome nyingi, na watu walidhani hautaanguka upesi. Mizinga mikubwa ya Wajerumani ilivunja ngome zile kwa siku chache, na mwezi ule ule wa Agosti Panda na Kudjabo walikamatwa. Vita kwao ilikuwa siku chache. Kifungo kilikuwa zaidi ya miaka minne.

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Fikiri mtoto wa Nzemba, mwenye diploma, amefungwa Ujerumani kwa sababu ya nchi ambayo si yake. Katika makambi yale walikuwamo watu weusi kutoka makoloni ya Ufaransa na Uingereza, watu wa Senegal na wengine, kila mmoja akiwa amepigania bendera ya bwana wake. Wataalamu wa Kijerumani walikuja na mashine za kuchukua sauti, wakawafanya wafungwa waimbe na kusema kwa lugha zao. Sauti ya Kudjabo ilichukuliwa hivyo, na inahifadhiwa Berlin mpaka leo. Watu hao waliona jambo ambalo kwao Afrika walikuwa hawajaonyeshwa: Mzungu ana njaa, Mzungu analia, Mzungu anamwua Mzungu mwenzake kwa maelfu katika matope. Mtu akiisha kuona hayo, huwezi tena kumwambia kwamba Mzungu ametumwa kumfundisha ustaarabu, akakubali bila kuuliza neno.

Na huku kwetu? Vita ile ile ilifika. Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka na koloni la Wajerumani, na jeshi la Force Publique lilivuka kwenda kupigana chini ya Jenerali Tombeur, ambaye kabla ya vita alikuwa mkubwa wa serikali hapa Katanga. Tarehe 19 Septemba 1916 askari Wakongomani waliingia Tabora. Katika vitabu vya shule ushindi wa Tabora uliandikwa kwa herufi kubwa. Walioandikwa kwa herufi ndogo ni wapagazi. Zaidi ya watu laki mbili walichukuliwa kubeba risasi, unga, na vipande vya mizinga kwa vichwa na mabega, kwa maana barabara hazikuwapo. Maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakazikwa kando ya njia. Ubelgiji ulipata Rwanda na Burundi kutoka katika vita ile. Mpagazi aliyerudi alikuta kodi inamngoja kijijini, na mwaka 1918 ikaja homa kali iliyoua watu dunia nzima.

Si Kongo peke yake. Huko Malawi, wakati ule ikiitwa Nyasaland, mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti mwezi wa Novemba 1914 akilalamika kwamba watu weusi wanakufa katika vita isiyowahusu, na hali wakati wa amani hakuna anayewajali. Mwezi wa Januari 1915 aliinuka na watu wake, na Februari akauawa. Panda hakushika njia ya silaha. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba swali lao lilikuwa moja: kama tunafaa kufa pamoja nanyi, kwa nini hatufai kukaa mezani pamoja nanyi?

Vita ilipokwisha, Panda alirudi Bruxelles. Labda mtu angefikiri kwamba nchi ile ingempokea kwa shukrani. Kulikuwa na gazeti lililoandika kwamba Wakongomani waliobaki Ubelgiji warudishwe tu kwao, chini ya migomba yao. Watu waliotoka makambini Ujerumani walisoma maneno hayo. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo kitu kilikatika.

Mwezi wa Agosti 1919 Panda, Kudjabo na wenzao walianzisha chama, Union Congolaise. Kwa nje kilikuwa chama cha kusaidiana: kumsaidia mgonjwa, kumzika aliyekufa, kumfundisha asiyejua kusoma. Wengi wao walikuwa watu wadogo, mabaharia, watumishi wa nyumbani, wafanyakazi wa viwanda, askari waliotoka vitani. Sisi watu wa kanisa tunajua jinsi chama cha namna hiyo kinavyoanza. Vyama vyetu vya akina mama na vya kulia matanga ni ndugu zake. Lakini watu wakiisha kukusanyika kwa ajili ya jeneza, wanaanza kuzungumza na juu ya mambo mengine. Union Congolaise iliomba kazi ya lazima ipunguzwe, iliomba shule, na iliomba askari Wakongomani waliokufa wakumbukwe kama wengine walivyokumbukwa.

Mwaka huo wa 1919, mwezi wa Februari, Panda alikuwa tayari amekwenda Paris kwenye mkutano wa watu weusi wa dunia ulioitishwa na W. E. B. Du Bois wa Marekani, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yanagawana makoloni ya Wajerumani. Desemba 1920 alisimama katika mkutano mkubwa wa mambo ya koloni huko Bruxelles, katika nyumba ya Seneti, mbele ya mabwana waliofahamu Kongo kwa hesabu za mawese na shaba. Akawaomba Wakongomani wapewe masomo ya kweli na wapewe nafasi ya kutoa shauri katika mambo ya nchi yao.

Tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Panda hakuomba uhuru. Watu wengine leo wanamwita baba wa kwanza wa uhuru wa Kongo, na sisi hatugombani nao, lakini yeye aliomba kidogo kuliko hicho. Aliomba shule. Aliomba viti vichache katika baraza. Alisema kwa adabu, kwa Kifaransa safi, akiwa na ushahidi wa vita kifuani mwake. Wakamsikiliza, wengine wakampigia makofi, na hakuna kiti hata kimoja kilichotolewa.

Halafu ukaja mwaka 1921, na hapa habari yake inagusa habari tunayoijua sisi waamini tangu utoto.

Aprili mwaka ule, Nabii Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya na kuhubiri kule Nkamba. Watu waliacha mashamba na kazi za kampuni, wakaenda kwa maelfu kumsikiliza. Serikali iliogopa. Mwezi wa Juni ilijaribu kumkamata, akawaponyoka. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, mkutano wa pili wa watu weusi wa dunia ulifanyika London, kisha Bruxelles, kisha Paris. Pale Bruxelles Panda aliketi pamoja na Du Bois na Blaise Diagne, yule mbunge wa Senegal. Hawakupatana vizuri. Du Bois alitaka maneno makali juu ya utawala wa makoloni, Diagne, aliyekuwa mwenyekiti, akataka maneno laini, na maneno laini ndiyo yaliyopita. Tarehe 12 Septemba, siku chache tu baada ya mkutano, Nabii alijitoa mwenyewe mikononi mwa serikali.

Magazeti ya wakoloni yaliunganisha mambo haya mawili. Yalisema kuna mkono wa siri kutoka Marekani na Bruxelles unaochochea Wakongomani, na jina la Panda lilitajwa pamoja na habari za Nkamba. Hawakuweza kuamini kwamba mtu wa kijiji anaweza kuinuka kwa nguvu ya Roho na kwa uchungu wake mwenyewe, bila kutumwa na mtu mwenye diploma. Na hawakuweza kuamini kwamba mtu mwenye diploma anaweza kuomba haki bila kuficha kisu. Panda alikuwa Mkatoliki, mtu wa mji na wa vitabu. Nabii alikuwa mtu wa Biblia na wa kijiji, aliyebatizwa na Wabaptisti. Lililowaunganisha si barua za siri. Ni ile miaka michache iliyopita: vita, upagazi, kodi, homa ya 1918, na bei ya vitu iliyopanda. Mmoja aliyaona kutoka Ujerumani na mwingine kutoka Nkamba.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la kijeshi huko Thysville lilimhukumu Nabii kifo, Mfalme Albert akabadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha, na gereza lake likawa hapa Katanga, Elisabethville, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Panda hakufungwa, lakini mlango ulifungwa mbele yake polepole. Wakubwa waliomwalika zamani wakaanza kumtilia shaka, na chama chake kikapoteza nguvu. Mwaka 1929 akarudi nyumbani kwa mara ya mwisho. Hakwenda kuishi Boma wala Léopoldville kati ya wakubwa. Alirudi Nzemba, kijiji alichochukuliwa akiwa na miaka 12, akaweka kinu cha mafuta ya mawese, akajenga shule na kanisa dogo. Yale aliyoyaomba mbele ya Seneti kwa nchi nzima, akaanza kuyafanya kwa mikono yake kwa kijiji kimoja. Hakupewa muda. Tarehe 12 Mei 1930 alifariki Matadi, akiwa na miaka karibu 42.

Sasa turudi hapa kwetu Likasi, kwa maana tulisema mwisho mtaelewa.

Miaka tisa baada ya kifo chake vita nyingine ilianza. Ubelgiji ulitekwa tena na Wajerumani mwaka 1940, na safari hii Kongo ndiyo iliyobaki kuwa mkono wake. Shaba ya Katanga ilihitajiwa usiku na mchana. Uranium iliyotoka Shinkolobwe, hapo karibu yetu, ilikwenda Marekani na kutumiwa katika kazi ya bomu la atomiki. Kazi iliongezeka, bei za sokoni zikapanda, mshahara ukabaki chini. Wafanyakazi Wazungu wa Union Minière waligoma kwanza mwaka 1941. Mwezi wa Desemba wafanyakazi weusi wakaacha kazi nao, hapa Jadotville na kule Elisabethville. Walijibiwa kwa risasi. Kule Elisabethville walikusanyika katika kiwanja cha mpira, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Hapa kwetu pia damu ilimwagika. Februari 1944 askari wenyewe wa Force Publique waliasi huko Luluabourg.

Hatudhani kwamba wachimbaji wa Jadotville walikuwa wamesikia jina la Panda Farnana. Hakuna aliyewafundisha. Lakini walidai deni lile lile: mnatuhitaji katika vita, basi mtuhesabu kuwa watu katika mshahara. Deni lililokataliwa mwaka 1920 kwa mtu mmoja mwenye tai shingoni lilirudi mwaka 1941 likiwa na maelfu ya watu wenye makoleo. Na vita hii ya pili iliwadhoofisha mabwana wote. Mwaka 1945 watu weusi walikutana Manchester, Uingereza, na Kenyatta na Nkrumah walikuwapo. Kule hawakuomba tena viti vichache. Waliomba uhuru wenyewe.

Hatusemi kwamba vita ni njema. Mungu atulinde, sisi tunaijua vita ya nchi hii. Tunasema tu kwamba vita humwonyesha bwana jinsi anavyomhitaji mtumwa, na mtumwa naye huona. Mwaka 1920 Panda aliomba Wakongomani wapewe sauti. Serikali ilikubali kuwapa kura ya kwanza Desemba 1957, kuchagua mabaraza ya miji katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville, na wa tatu ulikuwa mji wetu huu, Jadotville. Ni miaka 37. Januari 1959 watu wa Léopoldville walikataa kungoja zaidi. Januari 1960 viongozi wetu waliketi mezani na Wabelgiji, na meza ile ilikuwa Bruxelles, katika mji ule ule ambamo Panda alisikilizwa na kupigiwa makofi.

Yule kijana wetu tulimsomea habari hii kabla ya kuichapisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuomba msamaha, na hatukumtaka aombe. Aliuliza jambo moja: wale waliopigwa risasi hapa kwetu mwaka 1941, majina yao yako wapi? Mpoyi tunalo. Hao wengine je?

Basi tunawaomba waamini wote wa parokia. Kama katika jamaa yako kuna babu aliyebeba mizigo ya Tabora, au aliyekuwa kazini Shituru au Panda mwaka 1941, au bibi aliyebaki mjane mwaka ule, leta jina lake, hata kama ni jina la nyumbani tu, pamoja na kijiji alichotoka. Daftari liko kwa mashemasi, karibu na mlango wa kanisa, baada ya ibada ya Jumapili. Wazee wasioweza kutembea watuambie, tutawafuata nyumbani.